Simba kamezwa na Ngamia, mjomba bado anakaa nyumba ya udongo

Ama kweli wahenga waliona mbali. Penye miti, walisema, hapana wajenzi. Kama unabisha, siku ukifika Tanga panda daladala ya Pongwe, shuka mwisho wa safari, halafu tembea kama dakika ishirini mpaka kwa mjomba wangu.

Mjomba anakaa mahali ambapo ukitoka nje asubuhi kupiga mswaki, kitu cha kwanza kinachokuangalia usoni ni bomba la kiwanda cha saruji. Usiku taa za kiwanda zinawaka kama meli iliyopotea njia ikatia nanga porini. Lakini nyumba yake ni ya miti na udongo, wenyewe tunaita ya kukandika. Mvua za masika zikipita, lazima ukande upya udongo ulioporomoka, watoto wakufurahie, mgongo ukulaani.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna msingi wa nyumba nyingine, ya tofali. Msingi huo una umri wa kutosha kupiga kura. Kuku wanalala humo kwa raha zao.

Sasa msomaji utaniuliza: inakuwaje mtu anakaa chini ya pua ya kiwanda cha simenti anakosa simenti? Hilo ndilo lililonipeleka Pongwe safari hii. Nilitaka tuongee kidogo juu ya mahali ambapo wengi wetu tunapapita tu ndani ya basi, tukitoka Segera kwenda mjini, huku tumefumba macho tunaota urojo na samaki wa Deep Sea.

Simba, Twiga na mbuga nzima

Kwanza tujue tunaongea nini. Kiwanda cha Tanga Cement kiko Pongwe, kilomita kama 15 kutoka mjini, na kilianza kazi mwaka 1980 kwa msaada wa Wadenmaki. Nchi ilikuwa na kiwanda kimoja tu kikubwa cha saruji, kile cha Wazo Hill jijini Dar, cha mwaka 1966. Baada ya Tanga kikaja cha Mbeya, mwaka 1983. Vyote vitatu vilikuwa mali ya umma, chini ya Shirika la Saruji.

Tanga ya wakati huo usipime. Kulikuwa na kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, Afritex ya vitambaa, sabuni ya Foma, mkonge ndio usiseme. Mtu akitoka bara akiuliza kazi, anaambiwa nenda Tanga. Leo ukitaja hivyo viwanda kwa kijana wa Ngamiani atakutazama kama unamhadithia habari za Wajerumani. Cha mbolea kilifunga mwaka 1991, na vingine vikafuata mlango huo huo au vikabaki vinahema kwa shida. Cha saruji kikabaki kimesimama, na ndiyo maana ukikisema vibaya mbele ya mtu wa Pongwe anaweza kukununia, hata kama yeye mwenyewe dakika tano zilizopita alikuwa anakilalamikia. Ni kama mtu na ndugu yake.

Ila mwenyewe wa kiwanda, hapo ndipo penye kasheshe. Mwaka 1996 serikali iliwauzia hisa Waswisi wa Holderbank, ambao baadaye walijiita Holcim. Mwaka 2002 kampuni ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo hata wewe ungeweza kununua kipande. Kisha hisa kubwa zikawa za AfriSam ya Afrika Kusini. Chini ya hao hao, mwaka 2016, likawashwa tanuri la pili, na uwezo wa kiwanda unatajwa kuwa tani milioni 1.25 kwa mwaka.

Sasa ingia mbugani. Saruji ya Tanga inaitwa Simba, ya Wazo inaitwa Twiga, ya Mbeya inaitwa Tembo. Kule Kimbiji kuna Nyati. Tanga hiyo hiyo, upande wa Maweni, Wakenya wa ARM walijenga kiwanda chao wakauza Kifaru, kampuni ikayumba ile mbaya, na mwaka 2020 Wachina wa Huaxin wakakinunua kiwanda. Na Mbagala kuna Ngamia, wa kampuni ya Amsons ya Edha Nahdi, ile ile yenye vituo vya mafuta vya Camel. Yaani ukiingia duka la vifaa vya ujenzi huna haja ya kwenda Serengeti.

Oktoba 2021 Twiga akatangaza anataka kummeza Simba. Mzazi wake Twiga ni Wajerumani wa Heidelberg, na waliotangaza kununua zile hisa za AfriSam ni kampuni yao ya Scancem. Tume ya Ushindani ikakubali kwa masharti, watu wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likasema haiwezekani. Sababu ni rahisi kuielewa kuliko lugha ya mawakili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inasema anayezidi asilimia 35 ya soko anahesabika kuwa na nguvu ya kupindukia. Twiga na Simba wakikaa zizi moja, nani atamshitua mwenzake bei ikipanda? Mwaka 2023 maombi yakarudi mezani, safari hii yakapita, Simba akaingia tumboni kwa Twiga. Hata nguo hajabadilisha, 2024 Twiga akamtapika, akamezwa na Ngamia.

Mimi nimesoma hadithi za wanyama tangu darasa la kwanza, na sijapata kuona sungura anayeweza kufuatilia hiyo.

Pongwe waliyafuata hayo yote kwenye redio na kwenye simu. Kijiweni kwa waendesha bodaboda niliwakuta wanayajua majina ya kampuni kuliko mimi niliyekwenda na daftari. Lakini mtu akiulizwa yeye amebadilikiwa na nini, jibu linakuwa fupi: rangi ya kofia za walinzi.

Jiwe la baharini

Hebu tuache wanyama kidogo tuangalie jiwe lenyewe, maana bila hilo jiwe hakuna cha Simba wala paka.

Ukanda wote huu, kuanzia Pongwe, Maweni mpaka Kiomoni yaliko mapango ya Amboni, umelalia mawe ya chokaa. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita hapa palikuwa chini ya bahari, zama hizo hizo za mijusi mikubwa kama yule wa Tendaguru aliyebebwa na Wajerumani mpaka Berlin. Maganda ya viumbe vya baharini yakashuka, yakalundikana, yakawa jiwe. Maji ya mvua yakalila jiwe polepole yakachimba mapango, ndiyo yale tuliyopelekwa kwa safari ya shule tukaambiwa Osale Otango alijificha humo enzi za mkoloni. Kwa hiyo jiwe linaloingia tanurini Pongwe na jiwe ambalo watu huliwekea ubani na udi kule pangoni ni ndugu wa damu.

Wala watu wa pwani hawakusubiri Mdenmaki kuwafundisha. Nenda Tongoni, njia ya Pangani, ukaone makaburi yenye nguzo na msikiti uliobaki magofu. Ni matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu la magogo. Palikuwepo tayari mwaka 1499 wakati Vasco da Gama alipoamua kulichoma moto jahazi lake moja kwenye mafungu ya eneo hilo. Zimepita mvua ngapi tangu hapo? Nguzo nyingine bado zimesimama.

Saruji ni tanuu hilo hilo lililosoma mpaka chuo kikuu. Jiwe la chokaa linalipuliwa kwa baruti, linasagwa pamoja na udongo, halafu unga huo unaingizwa kwenye bomba kubwa la chuma linalozunguka, moto wake nyuzi 1,450. Kwa kulinganisha, tanuri la mkate ni nyuzi 200 na kitu. Jiwe likichomwa hivyo linatoa hewa ya ukaa iliyojificha ndani yake tangu enzi za hiyo bahari, na ndiyo sababu viwanda vya saruji duniani vinalaumiwa kwa joto la dunia hata kama vingechoma kuni za mbinguni. Kinachotoka ni goroli nyeusi nyeusi, klinka. Zinasagwa na jasi kidogo, ile kama chaki, ili saruji isigande mkononi mwa fundi kabla hajasema bismillah.

Ninayaeleza haya kwa sababu ndipo ilipo siri ya msingi wa mjomba.

Mjomba ni fundi cherehani. Miaka hiyo, mfuko ulipokuwa wa karatasi nene, alianza kununua mmoja mmoja kila alipopata mshiko wa sikukuu, maana suruali za Idi na Krismasi ndizo zilizomlisha. Akaipanga chini ya kitanda, juu ya sakafu ya udongo. Ilipofika kumi na kidogo akamwita fundi, wakaenda kuivuta, wakakuta mawe. Mifuko yote ya chini ilikuwa imeganda. Watu wanadhani simenti inaganda kwa kukauka. Hapana. Inaganda kwa kupata maji, na hewa ya pwani peke yake ni maji ya kutosha. Simenti inawekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na ikipita miezi mitatu usiiamini kama usivyomwamini mpenzi aliyezima simu tangu Ijumaa.

Yale mawe yenye umbo la mfuko yapo mpaka leo. Mawili ndiyo ngazi ya kuingilia jikoni.

Dakika moja

Nilipokaa nikashika kalamu nikapiga hesabu ambayo imenikosesha usingizi. Fundi mwaminifu anafyatua tofali kama 30 kwa mfuko mmoja. (Wapo wanaofyatua 50, lakini tofali lao ukiliegemea unaomba radhi.) Nyumba ya vyumba viwili na sebule inaweza kula tofali 1,500. Hiyo ni mifuko 50 kwa kuta peke yake, hujataja msingi, lenta, sakafu wala lipu. Ukinunua mfuko mmoja kwa mwezi, ni miaka minne na miezi miwili.

Sasa geukia kiwandani. Tani milioni 1.25 ni mifuko milioni 25 ya kilo 50 kwa mwaka. Gawanya kwa siku, gawanya kwa saa, usiku na mchana bila kupumzika: mifuko 47 na ushee kila dakika. Mashine zikifanya kazi kwa uwezo wake wote, kuta za nyumba ya mjomba zinatoka kiwandani wakati yeye anatia uzi kwenye sindano.

Na bei? Bei hakuna ya jirani. Kiwanda kinauza kwa mawakala, wakala anauza kwa maduka, duka linakuuzia wewe. Lori linatoka getini, linapita mbele ya nyumba yako likikutimulia vumbi, na wewe unakwenda dukani kununua kwa bei ambayo mtu wa mjini anakaribia kuilipa. Novemba 2020 saruji ilipoadimika na bei ikaruka nchi nzima, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie, Pongwe nao walikuwa kwenye foleni ya bei ile ile. Hapo ndipo utajua kwamba ukaribu si undugu.

Tuwe wakweli lakini. Hicho kiwanda kinalisha watu wengi ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara. Simama barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Madereva wa malori na mataniboi wao wanaosubiri zamu ya kupakia wanataka chai, chapati, mihogo na maharage ya nazi, na akina mama wameshawasha moto tangu alfajiri. Kuna wauza vocha, wazibua pancha, waosha magari, wenye vyumba vya kupangisha. Kuna vijana wa kupakua mifuko, kazi ambayo malipo yake ni kwa idadi na sare yake ni kaptura na kiroba kichwani. Kuna wafyatua tofali wenye mashine ya kugonga kwa mkono. Lori zikisimama wiki moja kwa sababu tanuri linafanyiwa matengenezo, mama wa mihogo anajua kabla ya mtu wa Soko la Hisa.

Ajira zenyewe za ndani ni kitu kingine. Kijana wa kidato cha nne wa Pongwe anajua kwamba tanuri la kisasa linaendeshwa na watu wachache waliokaa mbele ya kompyuta. Kazi ya kubeba imechukuliwa na mkanda. Ukitaka kuingia kwa mlango wa mbele uwe na cheti cha umeme, cha mitambo au cha maabara. Washikaji waliokwenda chuo cha ufundi wakarudi na cheti wana nafasi ya kuitwa. Waliobaki wanaitwa siku ya kufagia.

Vumbi

Mzee yeyote wa eneo hili atakuhadithia vumbi la zamani, nguo zikianikwa nyeupe zinaanuliwa za kijivu. Viwanda vya saruji vya zama zile dunia nzima vilikuwa hivyo. Mitambo ya kunasa vumbi ilikuwa inategemea umeme, umeme wenyewe unajua habari zake, ukikatika bomba linapumua. Siku hizi kuna machujio ya mifuko mikubwa mikubwa inayonasa unga kabla haujatoka, na kiwandani hawanasi kwa huruma tu: unga huo ni saruji, ni pesa inayoruka. Safari hii shati langu jeupe nilirudi nalo jeupe, isipokuwa kola, na hilo ni jasho langu mwenyewe.

Lakini vumbi si la bomba tu. Kuna la barabara, la machimbo, la kupakia na kupakua. Na hili nawaambia hasa ninyi mnaobeba mifuko mkiwa vifua wazi mkijiona mabaunsa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, waliwapima wafanyakazi wa kiwanda cha saruji hapa nchini, na matokeo yakachapishwa kuanzia 2004. Waliofanya kazi miaka mingi penye vumbi zito, vifua vyao vilikuwa na nguvu ndogo ya kupuliza hewa, na kikohozi cha muda mrefu kiliwaandama zaidi. Hao ni waajiriwa, wenye zahanati na barakoa. Wewe wa mtaani nani anakupima?

Halafu saruji mbichi ikikutana na jasho inaunguza. Ile mikono iliyopasuka ya mafundi si ushujaa. Osha kwa maji mengi, paka mafuta ya nazi, funga kitambaa puani. Demu wako hatakucheka, na akicheka, basi huyo si wako.

Shimo litabaki la nani?

Jambo ambalo mimi naona linastahili kelele kuliko yote ni shimo. Kila mfuko uliojenga Tanga, Moshi na Arusha umeacha tundu Pongwe. Jiwe likichimbwa halioti tena.

Mjini watu wanafikiri kwamba kodi na ushuru vinamaliza neno. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri, kwa sheria, ni sehemu ndogo sana ya mauzo. Nazo zinaingia kapu la jiji zima, kuanzia Chumbageni mpaka Chongoleani. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mchimbaji aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na akubaliane na halmashauri. Sawa, madarasa yanajengwa, madawati yanatolewa, picha zinapigwa. Lakini shimo ni la miaka na miaka, na mpango ni wa mwaka mmoja mmoja.

Haya, sasa sikiliza kilichofanyika kwa majirani. Mombasa, kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kwa mawe ya matumbawe yale yale ya pwani yetu. Kikaacha jangwa jeupe, jua linapiga chini linarudi juu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Mswisi aliyekuwa kazini hapo, René Haller, akapewa kazi ya kuotesha kitu. Alijaribu miti ya aina 26. Iliyoshika ni mitatu, na hodari wao alikuwa mvinje, mti ambao kila mtoto wa pwani anaujua ufukweni. Tatizo majani yake yakidondoka hayaozi, yanajaa kama godoro. Haller akamwona jongoo mmoja yuko juu ya mvinje anakula yale majani. Akaagiza majongoo kwa mamia, yakamwagwa machimboni, yakala, yakanya, na kinyesi cha jongoo kikawa udongo. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, yakaja mabwawa ya samaki, ndege, nyani, twiga. Leo ni bustani ya Haller, watu wanalipa kiingilio. Yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee, alifanyia vituko vyake vyote humo, ndani ya shimo la simenti.

Na mwenye Bamburi ni nani? Desemba 2024 Amsons walikamilisha kuinunua. Ngamia yule yule. Yaani mkono mmoja umeshika shimo lililogeuka bustani, mkono wa pili umeshika Pongwe. Mivinje ipo Tanga tele, Raskazone imejaa. Majongoo ndiyo usiseme, masika yakianza yanaingia mpaka chumbani bila hodi. Samaki wa bwawani wanafugwa Muheza. Vijana wasio na kazi mnawajua wanakokaa. Sioni kinachokosekana zaidi ya mtu kusema kwa sauti kwamba shimo lina ratiba, na ratiba hiyo ibandikwe ofisi ya mtaa isomwe na kila mtu: ekari ngapi mwaka huu, miti gani, nani ataimwagilia, nani atavua hao samaki.

Niliyasema haya kwa mjomba jioni, tumekaa juu ya ule msingi wake, kuku wanatulalamikia kwa kuwachukulia mahali. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Halafu akauliza kama katika hiyo bustani watu wataruhusiwa kuchukua majani ya mbuzi. Nikakosa jibu. Bamburi sikuwauliza.

Kesho yake nilikwenda dukani nikamnunulia mifuko miwili, bei ya mjini, jina la Simba ubavuni. Kijana wa bodaboda aliifunga yote miwili kwa mpira nyuma ya kiti, nikamfuata kwa miguu. Tulipoishusha, mjomba alitoa vipande vinne vya mbao alivyokuwa amevificha mvunguni, akavipanga katikati ya chumba mbali na ukuta, akaniambia niiweke hapo taratibu. Fundi anakuja Jumatatu.